Maiki na priampu za bei nafuu kwa kurekodi sauti nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayerekodi sauti ya mtu: mwimbaji wa bongo fleva aliyepewa biti na prodyuza, msomaji kaswida, msimuliaji wa hadithi, mchungaji anayetaka mahubiri yake yasikike vizuri. Ana laptopu, ana chumba cha kulala, na hana hela ya kuchezea. Anayetaka kurekodi ngoma au bendi nzima atahitaji vifaa vingine. Bei za dola zilizotajwa ni za kukadiria, za madukani Marekani. Huku kwetu jumlisha usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Kwa bajeti ndogo kabisa ninunue nini?

Maiki moja ya dainamiki, saundi kadi ya USB (kisanduku kinachounganisha maiki na laptopu) yenye priampu, yaani kikuza umeme wa maiki, ndani yake, waya wa XLR (plagi ya duara yenye pini tatu) pande zote mbili, stendi, na hedifoni za kufunika masikio. Basi. Behringer XM8500 inauzwa chini ya dola 30 na kazi yake inaizidi bei yake kwa mbali. Saundi kadi kama Behringer UM2 au UMC22 haifiki dola 100. Hizi mbili hurekodi kwa biti 16 (kiwango cha usahihi wa rekodi, si biti ya muziki) badala ya 24, na kwa sauti ya mtu mmoja hilo halitakunyima usingizi.

Ukiwa na uwezo wa kupanda ngazi moja, maiki ziko mbili za kufikiria, Shure SM58 ambayo ni dainamiki na Audio-Technica AT2020 ambayo ni kondensa, zote zikizunguka dola 100. Kwa saundi kadi tazama Behringer UMC202HD, Audient EVO 4 au Focusrite Scarlett Solo.

Usibane hela kwenye stendi. Ukishika maiki mkononi kila kidole kinachosogea kinaingia kwenye rekodi, na ile stendi fupi ya mezani inapitisha kila mgongano wa kiwiko na meza.

Kondensa au dainamiki?

Kabla ya kuitazama maiki, kitazame chumba.

Kwenye dainamiki, sauti inausukuma utando, utando unaisogeza koili iliyo ndani ya sumaku, na umeme unazaliwa hapo hapo. Haihitaji umeme wa kuiwezesha. Koili ina uzito wake, kwa hiyo milio ya juu kabisa inafifia: kwa SM58 kiwanda chenyewe kinaandika mwisho ni hertzi 15,000. Kondensa ina utando mwembamba sana uliokaa jirani na bamba lenye chaji. Inahitaji umeme, inafika hertzi 20,000, na inasikia midomo ikiachana, pumzi ikivutwa, na friji ya chumba cha pili.

Watu husema dainamiki "haichukui kelele". Hiyo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu hela. Dainamiki haina akili ya kutofautisha sauti yako na feni. Siri iko kwenye umbali. Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako inapanda desibeli 6 hivi, ilhali feni iliyo upande wa pili wa chumba inabaki pale pale. Anayeimba sentimita 5 kutoka kwenye maiki amemzidi aliye sentimita 20 kwa desibeli 12, na hizo zote ni faida dhidi ya kelele za chumba. SM58 iko sokoni tangu mwaka 1966 na ilitengenezwa kwa kazi hiyo ya karibu: tufe la wavu lina sponji ndani la kuvunja pumzi, na besi imepunguzwa makusudi kwa sababu mdomo ukisogea karibu, besi inavimba. Ukiisogelea kondensa hivyo hivyo, P na B zinapuliza kama upepo na sauti inakuwa nzito isivyopendeza. Ndiyo maana inawekwa mbali kidogo, na ikiwekwa mbali inakusanya chumba kizima.

Kwa hiyo simama chumbani saa ile unayorekodi kwa kawaida, nyamaza dakika mbili, sikiliza. Kama unasikia bodaboda, televisheni ya jirani na watoto wa uani, nunua dainamiki na uimbe karibu. Kama kimya kipo kweli, chumba kimejaa nguo na mazulia, na sauti yako ni laini yenye pumzi nyingi, kondensa itakupa kitu ambacho dainamiki haitakupa. Mwenye sauti kali inayochoma kwenye S na SH naye mara nyingi anapendeza zaidi kwenye dainamiki, hata chumba kikiwa kizuri.

Priampu ni nini hasa, na ni lazima ninunue ya peke yake?

Maiki inatoa umeme mdogo mno. SM58 ikipata sauti ya desibeli 94 inatoa milivolti 1.85. Ili ifike kiasi cha volti 1 ambacho vifaa vinavyofuata vinakitaka, inabidi ikuzwe zaidi ya mara 500, yaani desibeli 54 au 55. Kazi hiyo ndiyo ya priampu. AT2020 kwa sauti ile ile inatoa karibu milivolti 14, kwa hiyo inaanza safari ikiwa mbele kwa desibeli 17 na ushee. Mwimbaji aliyeinamia maiki anazidi desibeli 94 kwa mbali, kwa hiyo kwa uhalisia unahitaji gaini (kiasi cha kukuza) ndogo kuliko hesabu hiyo inavyotisha.

Ya peke yake si lazima. Kila saundi kadi yenye tundu la XLR ina priampu ndani, na kwa mtu anayeanza hiyo inatosha. Chumba kilichotulia usiku nacho kina kelele, kwa kawaida kama desibeli 30. AT2020 yenyewe ina kelele yake ya ndani ya desibeli 20. Kelele ya priampu ya saundi kadi ya kawaida, ukitumia kondensa, imezama chini ya hizo mbili. Utalipa laki kadhaa kuondoa kitu ambacho hakisikiki, huku feni inaendelea kuzunguka.

Panapotokea shida ni pale ambapo dainamiki yenye sauti ndogo inakutana na msemaji mpole. Gaini inafika mwisho, na "shhh" inatokeza. Hapo ama usogee karibu, ama utafute saundi kadi yenye gaini zaidi.

Vile visanduku vya bei nafuu vyenye valvu inayong'aa nyuma ya kidirisha sivipendekezi. Joto la sauti wanalolisifia mara nyingi ni mkwaruzo ambao ukisharekodiwa hautoki. Programu inaweza kukuongezea huo mkwaruzo baadaye, kwa kiasi unachotaka, na ukiujutia unaufuta. Kama tayari unacho, kiunganishe kwenye saundi kadi kwa tundu la laini (la sauti iliyokwisha kukuzwa), la jeki. Ukikipitisha kwenye XLR unakuwa umeweka priampu juu ya priampu.

Waya wangu una XLR upande mmoja na jeki kubwa upande mwingine. Unafaa?

Haufai kwa kazi hii, na hili ndilo kosa linalowafanya wengi waamini saundi kadi yao ni mbovu. Maiki za karaoke huja na nyaya hizo. Kwenye saundi kadi nyingi tundu ni la pamoja: ukichomeka XLR unaingia kwenye priampu ya maiki, ukichomeka jeki unaingia kwenye njia ya laini au gitaa. Njia hiyo haina gaini ya kutosha kwa maiki wala haina volti 48, umeme ambao kondensa inauhitaji. Sauti inakuwa ndogo, unapandisha kila kitu, unapata mvumo. Nunua waya wa XLR kwa XLR wa mita 3 na jambo limekwisha.

Nione SM7B kwenye kila podikasti nisiitamani?

Itamani, lakini isiwe ya kwanza kununua. Ni maiki nzuri ya dainamiki yenye bei ya karibu dola 400 na usikivu mdogo kuliko hata SM58: milivolti 1.12 kwa sauti ile ile ya desibeli 94. Shure wenyewe wanashauri priampu yenye gaini ya desibeli 60 safi. Saundi kadi ya Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha 3 inaishia 56. Ya kizazi cha 4 inafika 69, kwa hiyo hiyo haina tatizo. Wengine wanaongeza kifaa cha kati kama Cloudlifter CL-1, kinachopandisha hadi desibeli 25 kwa kutumia volti 48 za saundi kadi, na hapo umeshaongeza hela nyingine. Mwimbaji mwenye koo la kutosha ataiendesha hata kwa 56. Msimuliaji wa sauti ya chini hataweza.

Kitufe cha 48V kitaunguza maiki yangu?

Dainamiki ya kisasa iliyounganishwa kwa waya mzima wa XLR haiungui. Volti zinapita sawasawa kwenye pini ya 2 na ya 3, na koili iliyo katikati haioni tofauti yoyote. Tahadhari ni kwa maiki za kale za ribboni na kwa nyaya zilizochomelewa vibaya na fundi. Hata hivyo zima gaini na vua hedifoni kabla ya kubonyeza, maana ule mshindo si rafiki wa masikio.

Kwa nini 48 na si 50? Mwaka 1966 Neumann wa Ujerumani walipeleka maiki mpya za transista kwa redio ya taifa ya Norwei, na studio zile tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura. Wakautumia huo huo. Baadaye dunia nzima ikafuata.

Zile seti za maiki ya BM-800 na saundi kadi ya V8 zinazouzwa kila kona?

Ukifungua BM-800 utakuta kapsuli (kipande kinachopokea sauti) ndogo ndani ya umbo kubwa. Tatizo lake kubwa liko kwenye waya: nyingi zinakuja na waya wa kwenda jeki ndogo ya kompyuta, inayotoa volti chache tu. Sauti inakuwa hafifu yenye mchanga. Maiki ile ile ukiiunganisha kwa XLR kwenye saundi kadi yenye 48V inachangamka kiasi cha kukushangaza. Kama unayo, usiitupe. Nunua saundi kadi kwanza, maiki itasubiri.

V8 ilitengenezwa kwa ajili ya matangazo mubashara kwenye simu, na vitufe vyake vya makofi na vicheko vinajieleza. Kurekodi wimbo si kazi yake.

Maiki ya USB inatosha?

Kwa msimulizi, mwalimu au mwenye podikasti ya mtu mmoja, ndiyo. Priampu na kila kitu vimo ndani. Ubaya ni kwamba siku ukitaka kubadilisha kipande kimoja unabadilisha vyote. Samson Q2U inakwepa mtego huo kwa kuwa na USB na XLR kwa pamoja, tena ni dainamiki, tena ina tundu la hedifoni. Kwa anayesitasita, ninaipendekeza hiyo bila kufikiria mara mbili.

Nitajuaje kwamba SM58 ya Kariakoo, Dar, au Luthuli Avenue, Nairobi, si feki?

SM58 ni miongoni mwa maiki zinazoigwa sana duniani, na feki zingine zimefungwa vizuri kuliko halisi. Anza na bei: ikiwa mpya na inauzwa robo ya bei ya kawaida, umeshapata jibu. Halafu uzito. Halisi ina gramu 298 bila waya, na ndani yake kuna transfoma. Feki nyingi ni nyepesi. Mizani ya duka la jirani inatosha kuipima. Soma boksi: SM58-LC maana yake haina waya wala swichi, kwa hiyo boksi la LC lenye waya mwembamba wa jeki ndani, au maiki yenye swichi, linajikana lenyewe. Toleo lenye swichi lipo, linaitwa SM58S.

Mwisho ni sikio. Nenda dukani na saundi kadi yako na laptopu. Muuzaji anayejua mali yake atakuruhusu kuongea sekunde ishirini. Anayekataa, muage kwa heshima. Na kama mfuko hauruhusu halisi, XM8500 halisi ni bora kuliko SM58 ya uongo.

Chumba changu kina mwangwi. Nibandike trei za mayai?

Trei za mayai hazifanyi kitu cha maana. Ni karatasi nyembamba. Zinapunguza kidogo milio ya juu na kuuacha mwangwi wenyewe ukidunda, na juu ya hapo ni chakula cha moto. Sponji nyembamba za kubandika nazo zina tabia hiyo hiyo, kwa bei kubwa zaidi.

Kinachofanya kazi ni unene na uzito: godoro, blanketi nzito, kabati lililojaa nguo. Na mahali pa kuviweka ndipo wengi wanapokosea. Maiki hizi zote husikia mbele na hukataa nyuma. Wakikuambia uweke sponji nyuma ya maiki, wanakuambia ufunike upande ambao tayari ni kiziwi. Mbele ya maiki upo wewe, na nyuma yako upo ukuta. Sauti inayorudi kutoka ukuta huo ndiyo inayoingia moja kwa moja. Kwa hiyo godoro lisimame mgongoni kwako. Au fungua kabati la nguo, lipe mgongo, simamisha maiki mbele yako, imba kuelekea katikati ya chumba. Weka kitu laini chini kama sakafu ni vigae. Epuka kusimama katikati kabisa ya chumba cha mraba, kwani besi hapo hukusanyika au hupotea kwa namna isiyotabirika.

Mvua juu ya bati haina dawa. Adhana, jogoo na kengele vina ratiba. Panga yako kuzunguka hizo. Feni izimwe wakati wa kurekodi na iwashwe kati ya vipande, jasho litavumilika.

Kwa P na B zinazopuliza, soksi ndefu ya kike iliyovutwa juu ya waya wa hanga na kuwekwa sentimita 10 mbele ya maiki inafanya kazi sawa na kichujio cha pumzi cha dukani. Kwa dainamiki unayoimbia karibu, geuza maiki kidogo pembeni ya mdomo badala ya kuielekeza katikati.

Kuna mvumo wa "mmmm" usioisha. Unatoka wapi?

Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri. Mvumo ukiisha, tatizo ni umeme wa nyumba au chaja, si maiki. Nyumba nyingi zina soketi za pini tatu ambazo pini ya ardhi haijaunganishwa na kitu chochote. Mwite fundi umeme aukague waya wa ardhi. Usikate wala kuziba pini ya ardhi ya kifaa chochote ili kuua mvumo; pini hiyo ipo ili usife. Mvumo usipoisha hata kwa betri, badilisha waya, sogeza simu mbali, zima taa za LED za bei rahisi na uone.

Gaini niiweke wapi?

Imba sehemu kali kuliko zote za wimbo, kwa nguvu ile utakayoimbia, si "cheki wani tuu" ya kunong'ona. Vilele vifike kati ya -12 na -6 kwenye mita ya programu. Ukirekodi kwa biti 24 hata -18 si tatizo, utaipandisha baadaye. Ikigusa 0 sauti inapasuka, na iliyopasuka haishoneki.

Nasikia sauti yangu ikichelewa kwenye hedifoni.

Washa kitufe cha kujisikia moja kwa moja kwenye saundi kadi, kisha nyamazisha treki yako ndani ya programu. Ukitaka kujisikia kupitia programu, tumia ASIO (draiva ya sauti ya Windows) ya kiwanda cha saundi kadi yako, au ASIO4ALL kama hakuna, na ushushe bafa (akiba ya sauti inayosubiri kusindikwa) hadi 128. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa hiyo ni kama milisekunde 3 kila upande. Kompyuta ikianza kukwaruza, panda hadi 256.

Ninaishi pwani. Unyevu unaharibu maiki?

Dainamiki haijali sana. Kondensa inajali: unyevu ukikaa kati ya utando na bamba, chaji inavuja na unasikia vipigo kama mafuta yanayokaangwa. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja hilo hutokea, hasa miezi ya masika. Ukimaliza kurekodi irudishe kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vijipakiti vya silika. Vile vya kwenye maboksi ya viatu huwa vimeshalowa. Vikaushe vizuri kwanza au nunua vipya. Ikianza kupiga vipigo usiifungue. Iache siku moja au mbili kwenye chombo chenye silika kavu, mara nyingi inapona yenyewe.

Naweza kutumia simu badala ya laptopu?

Simu nyingi za Android zenye USB-C zinaikubali saundi kadi isiyohitaji draiva, kwa waya wa OTG (wa kuunganisha vifaa vya USB kwenye simu). Shida ni umeme: saundi kadi inayowasha 48V inakula betri na simu nyingine zinaigomea. Dainamiki haihitaji 48V, kwa hiyo hapa pia inakusaidia.

Tuko watu wanne wa kwaya na maiki ni moja. Tufanyeje?

Kondensa, nusu duara, kila mtu kama nusu mita hadi mita moja kutoka kwenye maiki, wote upande wa mbele. Mwenye sauti kubwa arudi hatua moja nyuma, na msichana wa soprano mwenye sauti ndogo asogee mbele. Rekodi ubeti mmoja, sikilizeni pamoja kwa hedifoni kwa zamu, mpange tena miguu. Usiguse gaini kusawazisha watu. Kwa maiki moja, mizani ni miguu. Chumba chenye mwangwi kitawaumbua hapa kuliko popote, kwa hiyo magodoro yote ya nyumba yahamie huko siku hiyo.